Kibeji Ulichokitundika na Koti

Mdogo wangu Njoroge,

Mama amelala na homa yake, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia bila kuulizwa ninaandika nini.

Unakumbuka shamba la mananasi kule Thika? Wewe ulichagua, mimi nikabeba. Ulikuwa ukigonga nanasi kwa kidole, unatega sikio, unasema, "Hili bado, wacha likae." Nikilikata kwa ubishi nalikuta jeupe kabisa, na nyapara ananigombeza mimi. Ulinikera sana na hilo sikio lako.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza kutoka Uingereza ilinichekesha. Ulisema kuna vyuma vya urani vilivyokwisha kutumika kwenye tanuri la atomu, vimelazwa chini ya maji, na kazi yenu ni kujua ndani yake imebaki urani kiasi gani inayoweza kupasuka tena na kutoa moto. Kuvikata hamthubutu, kimoja kikitoka majini kinaweza kuua wote walio chumbani. Basi mnateremsha kipimo, mnahesabu miale inayotoka. "Ni mananasi tu, dada," uliandika.

Uliniambia pia juu ya kibeji cha kifuani chenye filamu. Kila mwezi filamu inasafishwa, na ikitoka nyeusi, mwili wako umepigwa na miale mingi, unaachishwa kazi. Yako ilikuwa inazidi weusi. Na ukiachishwa, unarudishwa Kenya.

Mimi ndiye niliyekujibu. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ilikuwa imetufikia hapa Ruiru, askari wamebeba vijana wote wa upande wetu kuwapeleka kambini. Nikaandika, "Usirudi, Njoroge. Fanya ufanyavyo, lakini usirudi."

Ukafanya. "Kibeji nakitundika na koti nje, dada. Hakinioni nikifanya kazi." Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikusifu kwa ujanja wako.

Katika barua iliyofuata mwandiko wako ulikuwa unayumba. Ile ya mwisho iliandikwa na mtu mwingine, eti vidole vyako havishiki kalamu, na ulikuwa unauliza kama sasa unaweza kuja nyumbani. Nimekujibu mara tatu, njoo, njoo. Kimya.

Naogopa. Jina letu likiitwa posta, nangoja liitwe mara ya pili ndipo nisogee.

Mama sijamwambia. Kila jioni kwenye sala anamshukuru Mungu kwa kunipa akili ya kukuzuia huko, mbali na hatari. Kisha anangoja niseme amina, nami nasema.

Nakuaga, lakini bado nakungoja,

Dada yako