Sura ya Nguzo

Jumapili, 11 Januari

Kupima zege tangu asubuhi. Mashine inabana, mchemraba unapasuka, naandika namba, naleta mwingine. Upepo mkali wa jangwani hapa Wakrah leo, vumbi limeingia hadi ndani ya maabara. Kope nzito.

Jioni Mwalimu Mhando kapiga simu kutoka nyumbani, Tanga. Tunamalizia kitabu chake, sura ya mwisho, ile ya nguzo. Yeye anaandika kwa mkono, binti yake Zuhura anazipiga picha kurasa na kunitumia, mimi nachapa, nachora, nakagua hesabu. Kitabu cha uimara wa majengo kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mwenyewe alinifundisha somo hili. Sikuelewa kitu mpaka siku alipoacha Kiingereza, akasimamisha rula juu ya meza na kuikandamiza kwa kiganja. Rula ikachomoza kiuno upande mmoja. Darasa zima tukasema aah.

Leo tumebishana hicho kitendo kiitweje. Nikasema kupinda.

"Boriti ndiyo inapinda. Inakuaga kwanza. Nguzo nyembamba haiagi mtu."

Nikasema kubonyea.

"Kubonyea ni sufuria, Hamisi!"

Kacheka mpaka kakohoa. Anasema neno analo, alilisikia kwa mafundi wa paa zamani, anataka kulipima kwanza. Sura iko nusu. Nimeacha nafasi tupu kila mahali neno linapotakiwa.

Jumatano, 14 Januari

Mwalimu kaanguka bafuni. Kiharusi. Yuko hospitali, hai, upande wa kulia umelala na ulimi pia. Zuhura kanitumia sauti, analia, sikuelewa mara ya kwanza.

Nilikuwa natoka kazini. Nilisimama kwenye maegesho na kofia yangu ya kazi kichwani hadi walinzi wakaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeomba ruhusa ya dharura. Mudiri wetu, meneja wa maabara, si mtu mbaya. Kaniuliza vizuri: "Ni baba yako?"

"Hapana."

"Baba mdogo? Mjomba?"

"Mwalimu wangu."

Kanitazama kama mtu anayesubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Kasema makabidhiano ya mradi yakiisha tutazungumza.

Otieno, tunayekaa naye chumba kimoja hapa Rayyan, kakasirika kuliko mimi. "Si ungemwambia tu ni buda yako, maze? Nani angekucheki?" Yeye dereva, anajua kuongea na mabosi. Mimi sikujua. Ningesema. Kwa nini sikusema.

Ijumaa, 16 Januari

Baada ya swala nimepiga kwa video. Zuhura kamshikia simu. Mdomo umekwenda upande. Macho ni yale yale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Kesho," kasema.

Nikamuuliza kama ananitambua. Kesho. Kama anaumwa. Kesho, kwa hasira. Neno moja tu limebaki kinywani, na silo analolitaka. Anaona kwamba sielewi.

Kisha nimefanya ujinga. Nimemwonyesha mchoro wa nguzo kwenye skrini, nikamwomba lile neno. Kajaribu. Mshipa wa shingo ulisimama. Kapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, kesho, kesho, kesho, machozi yanamtoka. Zuhura kachukua simu.

"Kaka Hamisi, mwache apumzike. Nakuomba."

Naona aibu. Siwezi kula.

Jumatatu, 19 Januari

Bi Salome, mhariri wa kule Dar, kapiga wakati wa chakula. Kampa pole Mwalimu. Halafu kazi. Vyuo vinasubiri, kitabu kisipoingia mtamboni mwezi huu kinasogea hadi mwakani, na mwakani hana hakika. Sura ya nguzo haijakamilika, basi itolewe.

Nimemwambia nitaimalizia mimi. Kasema wasomaji wao wa kitaaluma walipitisha kazi ya Mwalimu, si yangu. Maneno mapya lazima yarudi kwao, na muda hakuna.

"Kitabu cha majengo bila nguzo, Bi Salome?"

"Kuna toleo la pili, mwanangu."

Na jingine. Wamependekeza maneno yabadilishwe. Badala ya mkazo, stresi. Badala ya mnepo, diflekshini. Eti wanafunzi wameshayazoea. Mwalimu alikataa hili mwaka jana, mimi nilikuwa kwenye simu, nilisikia akikataa. Nimesema hivyo. Kajibu kwa upole, na upole ndio umeniumiza: "Sasa hivi anayeamua ni familia."

Jumanne, 20 Januari

Zuhura hataki kubishana na mtu. Analala kwenye kiti hospitalini.

"Kaka, mimi nataka baba akishike kitabu chake mkononi. Basi. Hayo maneno siyajui."

Nikaanza kumweleza. Nikasikia nesi anamwita. Kakata.

Ana haki. Nami nina haki. Haisaidii.

Alhamisi, 22 Januari

Nimeimalizia sura hata hivyo. Hesabu zote, mifano, michoro. Nafasi tupu nimezijaza "kupinda", nikijua si neno lenyewe. Nimemtumia Bi Salome kabla sijaenda kazini. Kanijibu mchana: kazi nzuri, ataihifadhi.

Jumamosi, 24 Januari

Zuhura kasaini karatasi za Bi Salome. Kakubali yote.

Nimeandika ujumbe mrefu wa hasira. Nimeufuta. Nimeandika "sawa dada, Mungu amponye."

Jumapili, 1 Februari

Wakati wa Mwalimu kupiga simu umefika, umepita. Niliweka simu juu ya meza kwa mazoea. Otieno kazima televisheni, kakaa nami. Baadaye kaniuliza hiyo diflekshini ni nini.

"Kunepa. Ubao ukikaliwa unanepa."

"Si hiyo inaeleweka basi?"

Nikaenda kufua.

Jumanne, 10 Februari

Nakala ya mwisho imekuja kwa barua pepe. Jalada lina picha ya mnara wa vioo, mfano wa hii ninayoiona kila asubuhi nikipita mjini. Mwanafunzi wa Korogwe atajenga wapi huo. Jina la Mwalimu limekaa vizuri, herufi kubwa. Langu kwenye shukrani. Sura ya nguzo haimo.

Stresi, stresi, stresi. Ukurasa mmoja umewaponyoka, mkazo bado upo. Nimeusoma ule ukurasa mara nyingi.

Nimeomba ruhusa tena. Mudiri kasema baada ya Idi, inshallah. Sijui inshallah ya aina gani.

Jumatano, 4 Machi

Kazi ndefu, na saumu. Mwalimu karudishwa nyumbani. Anatembea na fimbo hadi barazani. Maneno mapya mawili: maji, na jina la Zuhura. Simpigii kwa video. Namwogopa, huo ndio ukweli.

Ijumaa, 13 Machi

Kitabu kimefika Tanga. Zuhura kanitumia video.

Mwalimu yuko barazani, kavaa shati lililopigwa pasi. Zuhura anamwekea kitabu mapajani. Anakigusa jalada. Anakifungua kwa mkono wa kushoto, pole pole, kurasa zinamponyoka, anazirudia. Haangalii mwanzo. Anakwenda moja kwa moja mwisho. Anafika kwenye majibu ya mazoezi. Anarudi nyuma kidogo. Anasimama kwenye sura ya boriti, anafunua, majibu tena. Analowesha kidole, anatenganisha kurasa mbili kana kwamba zimegandana. Hazijagandana.

Anaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Nyuma ya kamera Zuhura anacheka kwa furaha. Ameandika chini: "Tangu asubuhi hakiachi, kaka. Hata chai kakataa. Nilijua atafurahi."

Nimeitazama video nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Mchana, pazia limefungwa, mashine ya ubaridi inanguruma. Otieno amelala.

Nimemjibu Zuhura: "Hongera, dada. Mwambie nimefurahi sana."

Sikumwambia anatafuta nini.