Kipande cha Tura hadi Goweko

Alhamisi, 10 Julai. Itigi

Uji. Mafuta kwenye mnyororo. Upepo tairi la nyuma, tena. Nimeondoka jua halijapanda.

Siku ya pili bila Mwalimu Kulwa. Tulianza wawili Bagamoyo, na safari aliibuni yeye. Manyoni mgongo ukamshinda, akapanda basi kurudi Tabora. Sikumlaumu kwa mdomo. Moyoni namlaumu kila kilima.

Najikumbusha kwa nini nipo hapa. Mwaka juzi walimleta mjamzito zahanati kwangu juu ya keria ya baiskeli, kutoka mbali. Alifika amekwishakata roho. Mimi ndiye mkunga pale. Tunataka nyumba ya kina mama kusubiria siku zao. Watu wameahidi mabati, saruji, hata kuku, kwa sharti moja: Nesi Restituta, yaani mimi, apige pedali mwenyewe, Bagamoyo hadi Ujiji, asipande gari.

Ijumaa, 11 Julai

Pori tupu. Mbung'o, hawa ndorobo, wanauma kupitia fulana. Kutwa nimesema "asante mama" tu, kwa aliyeniuzia maji. Njia hii wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakiimba, pembe za ndovu begani. Mimi sina wa kuniitikia. Nilijaribu wimbo wa kanisani, sauti yangu ikanitisha. Nikakazana na pedali.

Jumamosi, 12 Julai. Tura

Homa. Nimejipima mwenyewe, malaria. Dozi ya kwanza nimemeza. Nimelala nyumba ya wageni tangu saa nne, nasikiliza mbuzi wa jirani. Nauguza watu miaka yote. Leo hakuna hata wa kunigusa paji la uso.

Jumapili, 13 Julai. Goweko

Nimepanda lori.

Nilitoka Tura kwa ukaidi, homa bado mwilini. Nikatapika, nikakaa kando ya barabara, sikuweza kuinuka. Lori la mpunga likasimama. Dereva akashuka: "Mama, utafia hapa. Panda, baiskeli naipakia mimi." Sikukataa. Sikufikiri hata kukataa. Nikalala njia nzima, akanishusha hapa Goweko mlangoni mwa zahanati, akaenda zake. Jina lake sikuuliza.

Jumanne, 15 Julai. Itetemia

Jana nilipumzika, leo nimeingia kwa baiskeli nyumbani kwa dada yangu Veneranda, hapa pembeni mwa Tabora. Vigelegele mpaka barabarani. Kulwa alikuwepo. Kanipiga picha, kairusha kwenye kundi la wachangiaji: "Chuma cha Unyamwezi! Hajagusa gari!" Hongera zikamiminika.

Kwenye picha nimetabasamu. Najichukia.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwambia dada tukichambua mchicha. Hakushtuka.

"Ulikuwa mgonjwa, mdogo wangu. Mungu ndiye aliyekuletea lori."

"Basi angeniletea na mdomo wa kusema."

"Na ukisema, ile nyumba? Wakiondoa saruji yao?"

Hilo ndilo linalonitafuna. Anayeficha ni mimi, lakini watakaolala chini ya mti wakisubiri uchungu si mimi.

Jioni nimeandika kwenye kundi: Nilipanda lori Tura hadi Goweko. Nilikuwa naumwa. Nitarudi kukirudia kipande hicho. Wote wameona. Hakuna aliyejibu. Hata Kulwa.

Ijumaa, 18 Julai. Tura

Nimerudi kwa treni, baiskeli kwenye behewa la mizigo. Abiria wa pembeni kaniuliza naenda kumsalimia nani Tura. Nikasema hakuna. Akageukia dirishani. Simu kimya.

Jumamosi, 19 Julai. Goweko

Nimekimaliza. Hakuna kilichotokea. Jua, lami, malori. Mtoto mmoja alinipungia, nikampungia muda mrefu kuliko alivyotaka. Nilipofika Goweko watu walikuwa na shughuli zao. Nikanunua soda, nikalia kidogo nyuma ya duka, nikanywa soda.

Kulwa kaandika, mimi peke yangu, si kwenye kundi: "Pole. Ningekuwa mimi, ningenyamaza." Nimeisoma mara nyingi. Sijui kama ni sifa au lawama.

Alhamisi, 24 Julai. Malagarasi

Tabora nilipita tu, sikukaa. Urambo, tumbaku. Kaliua, vumbi. Makalio hayana ngozi. Leo nimevuka daraja nikasimama katikati kutazama maji. Nilitaka kumwonyesha mtu.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa nyumba kaandika hatimaye. Mwenye saruji amejitoa, anasema sharti limevunjwa. Wengine wamebaki. Msingi watachimba hivyo hivyo, kuta zitasubiri. Kosa langu. Ningeandika tena yale yale.

Jumapili, 27 Julai. Ujiji

Nimefika saa tisa. Sikuwa na wa kumwambia, nikatuma picha ya tairi mchangani. Dada kajibu, "Tumshukuru Mungu." Nikakaa juu ya jiwe, mikono bado imeshika usukani hewani.

Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa. Akaniangalia, akaangalia baiskeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Bagamoyo."

Akaguna. "Na hapa umefikia kwa nani?"

"Sina mtu hapa."

Akageuza dagaa mpaka mwisho wa mkeka, hana haraka.

"Iegeshe hapo ukutani. Nawa mikono, ugali uko tayari."

Nimekula. Kaniongezea mara mbili bila kuniuliza.