Mashine ya Ramani ya Baba

Gatsata, Kigali

Kwa dada yangu mpendwa Kayitesi,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itawakuta wazima huko Lusaka, wewe, shemeji na watoto. Sisi tunapumua, ila moyo wangu ni mzito. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningeishia kukohoa tu.

Uliniagiza niitazame ile mashine ya ramani uliyomtumia Baba, ya kubandika kwenye kioo cha gari. Alikuambia imeharibika, haijui iko wapi, kila Ijumaa inamzungusha mji mzima. Akakuambia pia usikate tiketi mpaka itengenezwe, kwa sababu hajawahi kuacha mtoto wake apokewe uwanja wa ndege na mtu mwingine. Nawe ukaahirisha safari mara mbili. Mzee wetu kwa ukaidi hana mpinzani.

Basi Jumapili nilikwenda Biryogo kwa Baba na mke wangu Umutoni, nikaiwasha. Chini ya banda la bati haikupata kitu, na hilo si kosa lake, mashine hizi zinataka anga wazi. Nikalisukuma gari nje. Gereji kwetu tunazifunga kila siku, dada, nazijua. Ikiamka, kwanza hukumbuka mahali ilipozimwa, kisha hutafuta setilaiti zilizo juu. Kama ilizimwa saa chache tu zilizopita, inajua izitafute wapi, na kufumba na kufumbua imejipata. Ikikaa miezi bila kuwashwa, habari zake zimeshapitwa, inabidi izikusanye upya kutoka huko juu. Ya Baba ilitafuta mpaka chai yangu ikapoa. Mwishowe ikaonyesha mtaa wetu, sawasawa kabisa. Mashine ni nzima.

Lakini muda wote ilipokuwa ikitafuta, ilionyesha pale ilipozimwa mara ya mwisho, nje ya kliniki ya macho kule Kicukiro. Nikajua kwamba tangu pale haijawashwa kwa miezi, na hizo Ijumaa za kuzungushwa mji hazikuwepo.

Nilimuuliza Baba. Akasema daktari alimwambia presha ya macho imeshamla sehemu kubwa ya kuona kwake. Dawa zitapunguza kasi tu, kilichokwenda hakirudi. Siku ile ya kliniki jirani yake Twagirayezu ndiye aliyeendesha gari kulirudisha, akaapishwa asiseme, na Baba hajagusa usukani tangu hapo. Nami kila Jumapili nikimkuta amekaa kibarazani nilidhani anapumzika. Aliniomba nikudanganye kwamba tunasubiri kipuri, kwa sababu hataki umwone akipelekwa na watu. Nimeshindwa, dada. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia.

Kwa hiyo usisubiri tena. Kata tiketi, nitakupokea mimi, na Baba atakaa mbele kando yangu. Njoo angali anaona kidogo, maana tulipokuwa tunaaga, Umutoni alisimama mlangoni amejifunga kile kitenge ulichomwachia. Baba akainuka, akanyoosha mikono, akamwita kwa jina lako, akamuuliza amefika saa ngapi na ni nani aliyekwenda kumpokea. Umutoni alimkumbatia tu, hakuweza kumsahihisha.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yetu. Mungu akulete salama.

Ni mimi mdogo wako,
Usumani