Mikono ya Bonge

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo? Na mgongo je, na hayo mashuka ya hoteli unayopiga pasi kutwa? Mimi mzima, cherehani nzima, wateja wamejaa mlangoni, maana fundi kama mama yako mtaa huu hakuna. Sisemi mimi, wanasema wao.

Mwanao hajambo, ila kula ndiyo vita. Tangu uondoke, akiona kijiko anafunga mdomo kama kufuli. Nesi kampima, kapungua. Tena akacheka: "Huyu ndiye Bonge?" Niliumia! Jina nilimpa mwenyewe, alivyozaliwa na mashavu yale.

Nakutumia picha umwone na bibu ya kifuani niliyomshonea ya kulia chakula, nyeupe, maua nimetarizi kwa mkono. Hata watoto wa mawaziri hawana.

Mama yako

13 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo unavumilia. Picha wenzangu wa chumba cha pasi wameninyang'anya. Bibu ni nzuri, sibishi. Lakini mbona umembana mikono? Asichafue maua, siyo?

Mwachie ale mwenyewe, Mama. Nesi wa huku kanieleza: mtoto wa miezi tisa anayekaa vizuri anaweza kushika chakula chake. Mchemshie karoti, boga au kiazi kitamu mpaka kibonyezeke kwa vidole. Ndizi mbivu, parachichi, yai lililoiva kabisa. Karanga usimpe, wala chochote kigumu. Akae wima, nawe usibanduke.

Na nisikufiche. Asipoongezeka uzito kliniki ijayo, naacha kazi narudi, hata kama bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini. Siwezi kunyoosha mashuka ya wageni mwanangu anakonda.

Binti yako

22 Machi

Mwanangu,

U mzima? Sisi wazima. Uache kazi? Thubutu! Nimewalea watano huku nakanyaga cherehani, Bonge mmoja atanishinda?

Mikono nimemwachia. Siku ya kwanza nilimkatia karoti vipande vidogo sawasawa kama vifungo vya shati, vinapendeza hivyo! Akikamata, kipande kinamezwa na ngumi, mdomoni hakifiki. Akalia kwa hasira. Jirani yetu mshona viatu akachungulia dirishani: "Fundi, hicho chakula cha kuku?" Nikamjibu, "Ndiyo, karibu."

Halafu nikajicheka. Mimi, wa kusahau upindo! Nguo huikati ikaisha palepale mwilini, lazima uache cha kupinda. Basi nikakata virefu kama kidole changu: nusu ya ngumi, nusu ya mdomo. Akang'ata! Akakohoa kidogo, nikataka kumrukia, kumbe mwenyewe kashakitoa kwa ulimi, anaendelea. Aliyehitaji maji ni mimi.

Ile bibu ya maua nimeitundika ukutani. Nimemshonea nyingine ya kitambaa cha mwavuli mbovu, ina mfuko chini wa kudaka yanayodondoka. Akimaliza mezani anahamia mfukoni. Tusubiri kliniki.

Mama yako

5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kliniki imeshapita, nawe kimya. Nikimwona mtu wa barua nakimbilia getini. Begi nimefunga, liko chini ya kitanda. Kama kapungua tena, niambie tu.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo, wewe wa begi? Lifungue, nguo zisikunjamane, wewe mpiga pasi mzima!

Nilikawia kwa sababu sina mkono wa kushika kalamu. Wanawake wa kliniki waliiona bibu ya mwavuli, sasa kila mmoja anataka ya kwake. Mtaa mzima hauna mwavuli mbovu, yote iko kwangu. Nesi mwenyewe kaagiza.

Ah, uzito! Umepanda. Nesi kapima, kamshusha, kampima tena. Nikamuuliza kwa sauti foleni yote isikie, "Huyu ndiye nani?" Akasema, "Huyu ndiye Bonge." Nikatoka pale natembea kama bibi harusi.

Jana tulikuwa tunakula, mimi na yeye. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiazi alichokwisha kukitafuna, akaninyooshea mdomoni. Nikageuza uso. Akangoja, mkono uko palepale. Hakunilazimisha, mwanangu, alingoja tu.

Nikafungua mdomo mwenyewe.

Maliza majaribio yako, kisha uje upumzike kidogo. Na ukija, uje na njaa. Wa kukulisha yupo.

Mama yako