Siku Ile Uliyokaa Getini

Baba yangu wa Kiptere,

Nimekalia kile kiti chako kibovu hapa nje, na majani ya chai yako yananitazama. Yamepita urefu, najua. Ungekuwa hapa ungeninyamazia tu mpaka nione haya mwenyewe, halafu ungebeba kikapu uende. Usijali. Kesho nitachuna, na unajua nikianza hakuna mtu wa kunishika hapa kijijini.

Barua hii naiandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele ya watu.

Wewe ulijivunia mimi sana kule kituo cha majani, ulikokuwa mwenyekiti miaka mingi. Ulikuwa ukiwaambia watu kijana wako yuko Nairobi, anauza kwenye kaunta, amevaa shati jeupe. Na ilikuwa kweli. Sijisifu, lakini Nairobi haijapata muuza mabati kama mimi. Shule niliacha kidato cha pili, si kwa ujinga, walimu ndio waliishiwa. Mteja alikuja kununua misumari, nikamtoa pale na mlango na fremu yake. Nilikuwa na salamu za makabila sita, na utani wa kila moja.

Kile sikukuambia ni vile nilifika hapo kaunta.

Mwaka wa kwanza nilitafuta chumba wiki tatu. Mwenye ploti wa kwanza, mwenye vyumba vya kupangisha, hakutosheka na jina Kevin, alitaka jina lote. Nilipotaja lile linaloanza na Kip, kama ya wanaume wote wa kabila letu, chumba nilichokuwa nakitazama, mlango wazi, kikawa kimechukuliwa. Wa pili alikuwa mama mpole kabisa. Aliniuliza, sisi watu wa mbio, mbona hatukimbii kurudi kwetu? Akacheka, nikacheka pia, nikatoka. Kazini vile vile. Kila nilikoenda niliambiwa nyinyi ni watu waaminifu, nyinyi ni watu wa geti, chukua rungu ulinde. Ati hiyo ni sifa.

Basi nikajifanya mjanja. Nikawa Kevo. Nikasema nimekulia Nakuru, sisi tumechanganyika, kabila letu ni mji. Bafuni nikajizoeza ulimi, baba isitoke papa, bibi isitoke pipi, mpaka jirani akadhani nafundisha mtoto kuongea. Nikapata chumba. Nikapata kaunta katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na bosi hakuniomba hata kitambulisho, mdomo wangu ulimtosha. Na pale kaunta, wakianza mizaha juu ya watu wetu, maziwa yetu ya kibuyu, matamshi yetu, sikunyamaza. Niliongeza. Mizaha mikali kuliko yote ilikuwa yangu, baba. Walicheka mpaka wakashikilia meza.

Halafu macho yako yakaingia ukungu, ukaja Nairobi kufanyiwa upasuaji.

Nilikupokea stendi nikiwa na boshori mkononi, ile kofia nzito ya sufu. Ulikuwa mwezi wa pili, jua linayeyusha lami. Nikakuambia uivae, uishushe mpaka shingoni, kwa sababu Nairobi kuna baridi mbaya. Ukanigeuzia lile jicho lililobaki na mwanga kidogo, ukauliza, "Baridi gani hiyo ya kunitisha mimi, mtu wa Kiptere?"

Lakini uliivaa. Ulijua nilichokuwa naficha. Masikio yako yalitobolewa ukiwa kijana, yakapanuliwa kwa vipande vya mti kama ilivyokuwa desturi ya rika lenu, mpaka yakaning'inia. Ukienda shambani uliyakunja juu, yasikusumbue. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa mapajani mwako nikipitisha kidole changu katika lile tundu, ukijifanya umeng'atwa na nyuki. Sasa kijana wa Nakuru aliyechanganyika atapata wapi baba wa masikio kama hayo?

Ulivaa boshori siku nne pale ploti, jasho likikutiririka. Majirani wakaniambia mzee wako ni mpole sana. Nikasema ndiyo, ni baridi tu inamsumbua.

Siku ya nne walikufanyia upasuaji wa jicho moja, na ya tano ndiyo walikuwa wanakufungua bandeji. Tulikuwa tumepatana nije hospitali nikuchukue saa saba, nikitoka kwa chakula cha mchana. Hukungoja. Ulimwonyesha mtu wa bodaboda ile kadi ya duka niliyokuwa nimekupa, ukaja. Boshori umeishika mkononi, kwa sababu walikuwa wameivua wapate kukufungua jicho, na wewe kwa furaha hukukumbuka kuirudisha.

Saa nne hivi, duka limejaa. Ukasimama mbele yangu na jicho moja jekundu, jipya, ukanitazama kuanzia kola ya shati mpaka viganja, polepole, kama mtu anayekagua ndama wake mwenyewe. Kisha ukatoa salamu yetu, "Chamgei," kwa ile sauti yako ya mkutano.

Bosi alikuwa nyuma yangu. Akayaona masikio. Akauliza, "Kevo, huyu ni nani?"

Baba, mimi ni mtu wa maneno. Hakuna swali lililowahi kunishinda pale. Na neno lenyewe, lile la baba isitoke papa, nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni miaka miwili. Nikasema, "Ni mzee tu wa mtaani. Anatafuta kazi ya usoja getini."

Ningependa nikuambie yule bosi alikuwa mtu mbaya. Hapana, alifurahi. Alisema soja wake wa mchana ameugua, na hawa wazee wa masikio ndio wazuri, hawaibi, hawachoki, hawaulizi maswali. Akakupa rungu, akakuonyesha geti kwa mikono kama mtu anayeongea na kiziwi. Nilingoja useme. Neno moja tu, na Kevo angekuwa amekwisha. Ulinitazama kidogo. Halafu ukavaa boshori, ukaishusha mpaka shingoni, ukaenda ukakaa.

Ulikaa mpaka saa kumi na moja. Wewe, mtu ambaye Kiptere walimngojea afike ndipo mkutano uanze, ulifungulia malori ya simiti. Daktari alikuwa amesema jicho lisiingie vumbi. Kila lori lilipopita nilikuona ukiinua mkono kulikinga, na mimi huku napima nondo. Niliuza sana siku hiyo. Nilichekesha watu.

Jioni bosi alikupa mkate na paketi ya maziwa, akakuambia urudi kesho. Paketi ya maziwa, wewe mwenye ng'ombe watatu wa gredi, wa maziwa mengi. Tukatembea wewe mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana, mpaka duka likapotea. Chumbani ukakata mkate, ukanipa kipande kikubwa.

"Kula," ukasema. "Leo tumefanya kazi wote wawili."

Ningelipa chochote unitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata na mzaha wa kuyajibu. Asubuhi ukapanda gari la Kericho.

Lile jicho lilitoa machozi mpaka mwisho wako. Ukiulizwa ulisema ni moshi wa jikoni.

Miezi michache baadaye dada alinipigia simu akicheka. Ati mzee wetu ameingiwa na usasa, ameenda hospitali akashonwa masikio. Ulimwambia daktari ayafupishe yawe kama ya watu wa Nairobi, ili ukija kwa kijana wako usimharibie kazi. Dada alidhani ni mzaha wako. Nikacheka naye. Halafu nikaingia stoo ya rangi, nikakaa juu ya mkebe mpaka wakaanza kunitafuta.

Na sikukualika tena. Ulishonwa bure.

Uchaguzi ulipokaribia, makabila yakianza kuogopana, bosi akataka vitambulisho vya kila mtu. Changu kilisema Kericho, na jina lote. Hakunifukuza, ana roho nzuri yule. Alinieleza taratibu kwamba wakati huu wateja hawatajisikia vizuri, kwa hivyo nimsaidie getini kidogo mpaka mambo yatulie. Wale niliowachekesha miaka yote wakainamia simu zao. Nikapewa rungu. Kiti cha getini kilikuwa kile kile ulichokalia wewe.

Nilikikalia siku tatu, na ndipo nikajua kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Ukiwa pale getini, kaunta inaonekana yote. Shati, meno, mikono, kila kitu. Siku ile nzima, kwa jicho lako jipya, ulikuwa unaniona vizuri.

Nikarudi nyumbani. Ulikuwa umeshashikwa na kitanda. Nilitaka kukuomba msamaha, lakini mimi kila kitu naanza na mzaha, na wewe ukacheka, na tukaishia hapo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu hukucheka tena.

Kabla hawajafunga jeneza niliomba wanipishe. Nikakugusa sikio. Lilikuwa dogo, na mshono chini kama wa kiatu. Nilitafuta mahali pa kupitisha kidole, hapakuwa napo.

Sasa watu wananiambia Nairobi ndivyo ilivyo, nisahau. Hao ni watu ambao hawajakaa getini. Mwenye ploti ana vyumba vyake, bosi ana duka lake, na wote wawili wanalala vizuri. Sina nguvu ya kuwafanya lolote. Lakini mimi sikulazimishwa na mtu kusema vile nilivyosema. Hilo ndilo lisiloniacha, baba, hata nikiwalaumu wao mpaka jua litue.

Boshori nimeipata katika sanduku lako la nguo, imefuliwa, imekunjwa vizuri. Sijui ulikuwa unaiweka ya nini.

Haya, pumzika. Majani kesho. Ila kuna swali niliulizwa mbele ya watu, na nimechelewa kulijibu. Najibu sasa, mwenye ploti asikie, bosi asikie, na wale wa kaunta.

Huyu ni baba yangu. Anatoka Kiptere. Hakuja kutafuta kazi. Alikuwa amefunguliwa jicho asubuhi hiyo, na alitaka aanze na mimi.

Mwanao,
wa Kiptere