Sailensa ya Baba

Guangzhou, 9 Juni 2007

Shikamoo Baba,

Mwanao sasa ana ofisi hapa mtaa wa Xiaobei. Jina langu limebandikwa mlangoni, na kwa Kichina hanidanganyi mtu.

Ile sailensa ya bunduki uliyoniagiza nimeitafuta. Nilipoitaja, mwenye duka akanionyesha eksozi za pikipiki! Nikamchorea bunduki. Akaufunika mchoro kwa kiganja: “Meiyou!” Yaani hakuna. Huku bunduki inaogopwa hata kwenye karatasi.

Najua ulijaribu sailensa ya yule mgeni mwindaji kwenye bunduki yako ya semi-otomatiki, ukasema moshi unakurudia usoni lakini mlio hauchomi. Ngiri mmoja, risasi moja. Hapa nawasimulia wote. Ila hata ukiifunga, Baba, masikio bado yanatakiwa kuzibwa. Nimekutumia vifuniko vya masikio, vyekundu. Vivae, usione haya.

Mama anasema wewe mzima, simu ndiyo mbovu. Simu ile ni mpya, nimeinunua mwenyewe. Jumapili nilipopiga, nilipaza sauti na bado uliniuliza mara tatu mimi ni nani, ndiyo maana leo nimeandika.

Ni mimi, Baba.
Felisia.