Mchana Umeme Ulipokatika Kihesa

Dada Atu,

Hujambo huko Mbeya? Baridi ya hapa Kihesa, Iringa, inauma hadi meno. Ulinituma nimwambie mwanao Tusa aache kazi ya kushinda amekaa na kompyuta, akitunza kumbukumbu za hospitali. Nilianza tukiwa kwenye ugali nyumbani kwake, tena kwa ukali: nani ameruhusu habari za magonjwa yetu zitunzwe kwenye kompyuta za watu ng'ambo?

Umeme ukakatika, na intaneti ya nyumbani ikafa. Tusa aliganda. Kompyuta yake ina betri, lakini alikuwa akihamisha mafaili ya wagonjwa wa hospitali moja kwa intaneti. Mfumo wa zamani ameshaufunga, mpya hajaufungua. Simu yake ikaita, akaiweka spika. Nesi alikuwa akilia: "Dada, mgonjwa yuko kwenye meza ya upasuaji, hatuoni faili lake!"

"Mjomba, washa intaneti ya simu yako niunganishe kompyuta. Panda stuli, ishike dirishani ipate mtandao, na usiongee."

Mimi, ninayebishana hata na mchungaji kanisani, nikapanda stuli. Nikajaribu kubadilisha mkono.

"Usitingishe, mjomba!"

Sijui nilisimama muda gani. Hatimaye nesi akasema, "Tunaona faili. Kumbe ana mzio wa penisilini, ingemdhuru!"

Tusa akarudi kwenye ugali uliopoa, akala. Mimi nikasukuma sahani yangu kando.

"Ni hivi kila siku?"

"Leo afadhali, mjomba. Ulikuwepo."

Hoja yangu siiachi, dada; sasa inanitisha zaidi. Ila usimwambie tena kwamba anashinda amekaa. Jifunike vizuri, na ukisali jioni anza na yeye. Mimi bado namsikia yule nesi akilia.

Mdogo wako,
Ambele